Sekunde Thelathini Juu ya Paa

Ya kwanza ilitoka kama uji.
Ya pili, uji uliotiwa tui.
Msellem akakiinamia kioo kidogo cha kamera,
akavua miwani, akaivaa tena:
"Hili gari langu, au ng'ombe kwenye ukungu?"

Ghorofa ya sita, paa la maegesho.
Sheffield chini yetu imerundikana vilimani
kama vyombo vya karamu visivyooshwa.
Februari, saa tano za usiku, baridi ya kung'oa kucha.
Volvo ya buluu, ya mwaka themanini na tisa,
imesimama peke yake kati ya mistari myeupe,
kimya, kama mtu anayejua anasengenywa.

Mnunuzi yuko Doncaster. Kasema anataka picha kali,
mikwaruzo yote aione.
Mchana haukuwezekana: mchana Msellem hulala,
miaka ishirini na sita ya teksi za usiku
haimwachii mtu jua.

"Zima injini."
"Imezimwa."
Haikuzimwa. Ilinguruma kwa siri apate joto la miguu,
na mtetemo ule ule mdogo
ndio uliozila herufi za bamba la namba.

Akazima. Nikatega tripodi.
Tramu ikapita chini barabarani, paa zima likashtuka;
sisi hatukuhisi, kamera ikahisi.
Nikatoa mchele wake kwenye buti, mfuko wa kilo tano,
nikauning'iniza katikati ya miguu mitatu.
Sasa tulia, wewe chuma.

Gizani lenzi hutangatanga,
huenda mbele, hurudi nyuma,
kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba.
Nikaipokonya uamuzi. Nikamulika bamba kwa tochi,
nikazungusha pete kwa mkono, taratibu,
mpaka herufi zikasimama wima.
Tundu nikalibana. Aiso mia, isizidi.
Sekunde mbili za kungoja, kidole changu kiwe mbali,
maana hata kidole kina haraka zake.

"Chukua tochi," nikamwambia, "lizunguke gari.
Usisimame. Lipake mwanga
unavyompaka mafuta mtoto aliyetoka kuoga."

Akalizunguka.
Mlango wa mbele, boneti, akapiga goti kwenye gurudumu,
huku akinong'ona, sijui na nani:
hapa nililigonga geti la hospitali, usiku wa Rukia,
hapa kutu, samahani,
hapa Zuwena alikaa akakataa kushuka.
Ishirini na nane. Ishirini na tisa.
Klik.

Ikafunguka.
Kila chembe ya jande imekaa mahali pake,
kutu ina kingo, mkwaruzo wa geti una mwanzo na mwisho.

"Mimi niko wapi?"
"Ulikuwa unatembea. Haimshiki anayetembea."
"Nimepiga goti pale! Goti bado limelowa!"
"Mwanga wako umo."
Akacheka kwa pua. "Abiria wangu wote
wangeapa hivyo hivyo: dereva? hatukumwona."

Nikaikuza picha, nikateremka nayo kipande kwa kipande,
taa, kioo, kiti cha nyuma,
na pale, nyuma ya kioo, kofia.
Kofia ya viua, aliyoitafuta tangu Idi,
aliyowatuhumu nayo wapwa wawili na fundi mmoja wa bomba.
Vitobo vyake vingehesabika.
Msellem akavihesabu, kwa kweli, midomo ikicheza,
akafika arobaini na kitu, akapotea, akaanza upya.

Kisha akafungua mlango, akaivaa kofia, akakaa
kiti cha nyuma, pale abiria wanapokaa,
akafunga mlango.
Nikasubiri. Betri ikafa kwa baridi.
Mchele ukaning'inia.

Picha zote nilimpa.
Wiki ya pili ndipo nikajua
ipi aliituma Doncaster:
ya kwanza. Ile ya uji.